Orodha ya Walioazimwa

Swali la kwanza la Barwako nililijibu kwa raha, na la pili pia. La tatu ndilo lililonitia kijicho, na kijicho hicho nilikaa nacho miezi saba.

Aliniuliza, "Mwalimu, hii memori programu inachukua, nani anaangalia kama imerudi?"

Mimi nilikuwa nimetoka Mombasa na diploma yangu, mtu wa kwanza wa Kipini kuiandikia kompyuta programu, au ndivyo mama yangu alivyowatangazia majirani. Barwako alikuwa na cheti cha kidato cha nne na miezi mitatu ya kupiga taipu. Aliajiriwa kuingiza majina ya wafugaji, basi. Mtu wa kuingiza majina hakupaswa kuuliza swali lile. Mimi mwenyewe mwaka mzima wa kwanza chuoni sikuwahi kuliuliza.

Hiyo ilikuwa Garsen, mwaka wa tisini na nane, mafuriko ya El Nino yameshuka na kuacha matope mpaka mlangoni mwa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la nafaka, karibu na njia panda ya Lamu na Malindi. Tulikuwa na kompyuta moja, printa moja yenye kelele, na jenereta. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Gure, daktari wa mifugo, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Baada ya mafuriko yalikuja magonjwa ya mifugo, na ikawa mnyama hapandi lori la Malindi bila kadi ya chanjo yenye jina la mwenyewe, chapa yake na tarehe. Kadi hizo zilichapwa na programu niliyoiandika mimi, kwa mikono hii.

Tatizo ni kwamba kila siku ya mnada, ikifika kadi ya mia tatu hivi, mashine ilikuwa inakwama. Malori yananguruma, wafugaji wamesimama juani, na mimi napigapiga vitufe huku natokwa na jasho.

Sababu niliijua. Kila kadi inapotengenezwa, programu huazima kipande cha memori cha kuwekea jina, kingine cha chapa, kingine cha chanjo. Kadi ikishachapwa, vipande vyote virudishwe. Programu ikisahau kurudisha, kipande hicho kimepotea mpaka uifunge na kuifungua upya. Kimoja si kitu. Vikiwa maelfu, memori inajaa na mashine inasimama.

Hata mlinzi nilikuwa naye. Ni kijiprogramu nilichokinakili kwenye gazeti la kompyuta: kinaandika kila kipande kinapoazimwa, kinakifuta kinaporudi, na ukiifunga programu kinachapa maonyo ya vile ambavyo havikurudi, pamoja na namba ya mstari vilikoazimiwa. Siku ya kwanza nilipomwasha alinichapia maonyo arobaini na moja. Nikamzima. Nilijiambia nitashughulika naye nikipata nafasi, na nafasi nikahakikisha siipati.

Kwa hiyo Barwako aliponiuliza nani anaangalia, nilimwasha tena yule mlinzi ili msichana huyo aninyamazie. Nikamkabidhi karatasi ndefu ya maonyo. "Haya," nikamwambia, "kaa nayo hiyo."

Wazee walisema, ukimpa mtu shubiri huchukua pima. Wiki hiyo hiyo alinunua daftari la kurasa mia mbili, jalada kijani, akaanza kunisoma, mstari kwa mstari wa programu yangu.

Babake alikuwa na ng'ombe upande wa Minjila, na njia ya Barwako ilitoka huko moja kwa moja. Namba arobaini na moja hakuishughulikia hata kidogo. "Kwetu ng'ombe hawahesabiwi," aliniambia. "Ukihesabu, unaita hasara. Jioni baba anasimama kwa mlango ya boma, anaangalia sura. Mama akiingia, ndama yake analala. Ndama akilia, mama yake iko nje. Huko ndio unaenda kutafuta."

Basi kila kipande cha memori akakipa jina la ng'ombe. Kulikuwa na Pembe Moja, Shingo Nyeupe, Madoa, Mkia Mfupi. Pale programu inapoazima palikuwa mama, na pale inaporudisha palikuwa ndama. Aliandika mama upande wa kushoto wa daftari na ndama upande wa kulia, kisha akapita ukurasa kwa ukurasa akitafuta mama asiye na ndama, amwandikie wa kwake. Siku niliyoona "Shingo Nyeupe, mstari wa tisini na saba" nilicheka mpaka Daktari akainuka kuuliza kuna nini. Nikamwonyesha. Daktari hakucheka. Alivuta kiti akaketi kando ya Barwako, akamwambia amweleze tena, polepole.

Baada ya wiki tatu maonyo yalikuwa kumi na tisa. Baada ya wiki sita yalikuwa sita tu.

Na hayo sita ndiyo yaliyonimaliza. Yalikuwa vipande ambavyo programu huvichukua asubuhi na kukaa navyo siku nzima kwa haki yake: jedwali la miji, orodha ya chapa, na vingine vya aina hiyo. Havikuwa vimepotea, ila mlinzi ni mlinzi, akiona hakijarudi anapiga kelele. Nilikuwa nimeshamwandalia Barwako maelezo marefu ya jambo hilo, na Kiingereza ndani yake. Hakunipa nafasi.

"Hizi hazijapotea, Mwalimu. Hizi zimeazimwa." Akanieleza kwamba kwao mtu akikosa maziwa, rafiki yake humpa ng'ombe wa kukama. Ng'ombe huyo hulala kwa yule mwingine hata miaka. Mwenyewe jioni hamtafuti bomani, kwa sababu anajua yuko kwa nani. "Lakini lazima ajue. Kama hujui iko kwa nani, hiyo haijaazimwa. Hiyo imepotea."

Akataka mlinzi apewe orodha ya walioazimwa, asiwapigie kelele. Niliiandika orodha hiyo kwa dakika kumi, na sifa akapewa yeye kwa mwezi mzima. Ndani ya kompyuta ilikuwa namba za mistari tu. Katika daftari lake, kila namba ilikuwa na safu: jina la ng'ombe, sababu, kwa nani, na ya mwisho, amerudi.

Acha niseme wazi. Nilimwonea gere mwanamke yule mpaka chai ikanishinda. Daktari aliacha kuniita. Mashine ikitoa mlio wowote alikuwa anauliza, "Barwako anasemaje?" Wafugaji waliokuja ofisini waliamkiana naye dakika tano nzima, mimi wakanipungia mkono. Kisha mama akaniletea salamu na mtu wa basi, na ndani ya salamu akauliza: eti huko Garsen kuna msichana anayetengeneza kompyuta, je, mwanangu unamjua? Mama yangu mzazi!

Na Barwako hakuwa na maringo, hilo ndilo baya zaidi. Angeringa ningepata pa kumshikia. Aliendelea kuniita Mwalimu, akiniuliza mambo, akiandika majibu yangu kwa mwandiko ule mzuri wa shule ya wasichana.

Mwezi wa kumi na moja Daktari alituketisha wote wawili. Mradi wetu ulikuwa unafungwa mwisho wa mwaka. Ofisi ya Hola ilitaka kuichukua programu pamoja na mtu mmoja wa kuitunza, kazi ya kudumu.

"Mtu mmoja," Daktari alirudia. "Mnada unaokuja, mgeni wa Hola atakuwepo. Barwako atakaa kwa mashine, Athman utasimamia jenereta. Mashine ikienda siku nzima bila kukwama, Barwako ataenda Hola. Ikikwama, mnada wa pili utakaa wewe."

Mimi kwa jenereta. Na programu ni yangu.

Siku mbili kabla ya mnada Daktari alitaka mchoro wa chapa ya ng'ombe uonekane kwenye kadi, na sehemu hiyo niliiandika mimi. Alasiri ya kuamkia mnada Barwako alikwenda kuswali. Nikaijaribu programu peke yangu, nikachapa kadi chache, nikaifunga. Mlinzi akatoa onyo moja. Mstari wa mia mbili na kumi na nne.

Ulikuwa mstari wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naazima memori ya mchoro na siirudishi, na mchoro ni kitu kikubwa. Nilipiga hesabu kwenye kiganja: kadi ya mia mbili na hamsini, mia mbili na sitini hivi, mashine itasimama. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa kurudisha, kazi ya dakika.

Sikuuandika. Nilifungua orodha ya walioazimwa nikaongeza namba 214. Nikaijaribu tena programu, mlinzi akanyamaza, printa ikatoa neno moja: HAKUNA. Karatasi hiyo nikaiweka juu ya meza ya Barwako, nikainyoosha vizuri, nikaweka na jiwe isipeperuke.

Ningependa kukwambia kwamba chakula kilinikwama kooni siku hiyo. Uongo. Nilikula wali na kambare, nikaongeza.

Asubuhi ya mnada tulibeba mashine mpaka uwanjani, tukaifungia turubai ya kivuli. Wafugaji walikuwa wamejaa, wa Minjila na wa kutoka mbali. Mzee Adan wa Bangale, aliyetembea siku nne na ng'ombe wake, alikuwa ameketi mbele kabisa na fimbo yake magotini. Mgeni wa Hola alipewa kiti cha plastiki. Mimi nilisimama kando ya jenereta, sikio langu liko kwenye printa. Kila kadi ilikuwa na mlio wake, na kila mlio nilikuwa nauhesabu. Barwako angenikemea kwa kuhesabu.

Mia moja. Mia moja na hamsini. Nilianza kupanga nitakavyosogea, nitakavyosema, "Hebu nipishe, dada, nione kuna nini."

Mia mbili. Barwako akasimama. Akaifunga programu, akaifungua upya, akaketi. "Ngojeni kidogo, mashine inakunywa maji," aliwaambia wazee, nao wakacheka. Dakika mbili zikapita, printa ikaendelea.

Sikuelewa. Niliendelea kuhesabu. Kufika mia nne alifanya vile vile, na mia sita vile vile. Ukifunga programu kila kipande kilichopotea hurudi, kwa hiyo memori ilikuwa inaanza upya kila mara, na ile mia mbili na hamsini yangu haikufika kamwe. Saa tisa lori la mwisho liliondoka. Kadi mia saba na thelathini, na mashine haikukwama hata mara moja. Mgeni wa Hola alimpa Daktari mkono, akampa Barwako heshima zake, kisha akaniuliza mimi kama jenereta inakula mafuta mengi.

Tuliporudi ofisini Daktari Gure alimimina chai vikombe vitatu. "Barwako, umepita," akasema. "Lakini nieleze. Kwa nini ulikuwa unafunga?"

Alifungua daftari la kijani. "Kila asubuhi nasoma orodha kabla ya kuwasha. Leo nimeona kuna moja mpya imeazimwa, mia mbili kumi na nne. Ni ya Mwalimu, ya mchoro. Hii ni kubwa, inakula nyasi mingi. Nikasema, sababu yake mimi sijui, Mwalimu anajua. Lakini nisichoshe mashine. Nikafunga kila mia mbili."

Niliuona ukurasa. Jina alikuwa ameshampa ng'ombe huyo: Chapa Kubwa. Chini ya safu ya kwa nani ameandika, Mwalimu Athman. Safu ya sababu ilikuwa wazi.

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Mtu wa pwani anaijua kejeli hata ikivaa buibui. Haikuwepo. Hakunishuku hata kidogo. Alikuta namba ngeni kwenye orodha yake siku ya kazi yake kubwa kuliko zote, na kitu pekee kilichomjia akilini ni kwamba mwalimu wake ana sababu.

"Na Daktari," akaendelea, "Hola aende Mwalimu. Programu ni yake. Mimi nimechunga tu."

Daktari aligeuza shingo. "Athman. Hii mia mbili na kumi na nne, sababu yake nini?"

Sababu nilikuwa nayo tayari, tamu, yenye maneno ya kitaalamu. Mchoro unahitajika siku nzima, ndiyo maana haurudishwi. Daktari wa ng'ombe angejuaje? Hola ilikuwa mbele yangu, nimepewa na mshindani wangu mwenyewe, bado kunyoosha mkono tu. Nikafungua mdomo.

Barwako akashika kalamu. Aliiweka juu ya ile safu ya sababu akaningoja, kichwa kimeinama, tayari kuandika nitakachosema. Angeuandika uongo wangu kwa mwandiko wake mzuri, na angeulinda Garsen na Hola na popote programu ile itakapokwenda. Hapo ndipo uongo uliponishinda.

"Hakuazimwa," nilisema. "Amepotea. Jana nilimwona. Nikamficha kwenye orodha ili mashine ikwame ukiwa umekaa wewe."

Daktari aliweka kikombe chini. Mimi ningependa anitukane.

Barwako aliiondoa kalamu kwenye ile safu. Nilisubiri alie, au aniambie nilivyo. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mzee Adan ametembea siku nne. Ulitaka akae jua mpaka lori iende?"

Sikuwa nimemfikiria Mzee Adan. Katika hesabu zangu zote za kiganjani Mzee Adan hakuwemo, wala mtu mwingine yeyote ila sisi wawili.

Aliinuka kwenye kiti chake. "Kaa," akaniambia. "Mtafute."

Nikakaa. Wote wawili walisimama nyuma yangu wakati naandika ule mstari mmoja wa kurudisha, na vidole vikakosea mara mbili. Nikaifuta 214 kwenye orodha, nikaijaribu programu, nikaifunga. Printa ikasema HAKUNA. Safari hii ilikuwa kweli.

Barwako alikwenda Hola mwanzo wa mwaka. Daktari hakumweleza mtu yeyote kilichotokea, na wala hakuniandikia barua ya kunisifu popote. Nilibaki Garsen nikifundisha watu kupiga taipu katika chumba kile kile cha mabati.

Siku ya kuondoka alipita ofisini na mfuko mmoja. Alikuwa amejinakilia daftari jipya la Hola. Lile la kijani aliliweka mezani kwangu. "Hii ya Garsen ibaki Garsen," akasema. "Kwaheri, Athman." Lile jina la Mwalimu hakulitumia tena, na sikuwa na uso wa kulidai.

Basi lilipoondoka nililifungua daftari, moja kwa moja kwenye mia mbili na kumi na nne. Nilitegemea kukuta ukurasa umechanwa, au neno lililonistahili. Chapa Kubwa alikuwa pale pale. Kwa nani, Mwalimu Athman, kama alivyoandika mwanzo. Safu ya sababu aliiacha wazi. Katika safu ya mwisho, ya amerudi, alikuwa ameandika tarehe ya siku ile ya mnada.

Basi. Yeyote atakayelisoma daftari lile ataona tu kwamba Athman wa Kipini aliazima kitu, akakirudisha. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Kalamu ingekuwa mkononi mwangu nisingeandika hivyo, na hata kwa hilo namwonea wivu.